Munich hadi Venice kwa mwendo wa Mama

Jumapili, kabla ya kuondoka

Viza ya Mama ni ya kuingia mara moja tu, na hiyo ndiyo iliyotuchorea ramani. Mume wangu alitamani sana tufike Mostar kuona lile daraja la mawe, lakini Bosnia haimo ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mama angetoka salama, halafu kurudi asingeweza. Kroatia imo tangu tarehe 1 Januari 2023, ila ingetuongezea kilomita nyingi. Tukabaki na majirani watatu: kushuka kwa Austria, kupita Slovenia, kuingia Italia, kisha kurudi nyumbani Munich kwa njia ya mlimani ya Brenner.

Wengi tunaoishi huku, kiangazi kikifika na mgeni yupo, tunahesabu miji mikuu. Vienna, Budapest, Roma, picha mbilimbili, usiku barabarani. Mwaka huu nilikataa. Mama ametimiza miaka sabini, magoti yanamsumbua, na hakutoka Tanga kuja kulala kwenye kiti cha gari. Kwa hiyo nilipanga hivi: gari lisitembee zaidi ya saa nne kwa siku, kila siku iwe na jambo moja kubwa, na Jumamosi tusiguse barabara kuu kabisa. Jumamosi za Agosti Ujerumani na Uholanzi nzima huelekea kusini, na foleni ya kuingia milimani inaweza kukumalizia nusu ya siku.

Kisha karatasi. Mipaka ya ndani ya Schengen watu husema haipo, lakini Ujerumani inakagua mpaka wake na Austria tangu 2015, na Italia inakagua upande wa Slovenia tangu Oktoba 2023. Mwenye pasipoti ya Afrika asitembee na kivuli cha karatasi kwenye simu. Nimeweka pasipoti zetu zote halisi kwenye mkoba mmoja, pamoja na kadi zetu za ukaazi, bima ya safari ya Mama (ile ya yuro 30,000 inayotakiwa kwenye viza) na cheti cha ndoa. Mkoba huo unakaa miguuni pangu, si kwenye buti.

Ushuru wa barabara kila nchi ina mtindo wake. Ujerumani gari dogo halilipi. Austria unanunua vinyeti, yaani kibali cha kutumia barabara kuu kwa muda fulani, na ya siku 10 inatosha kwenda na kurudi ukipanga vizuri. Slovenia vinyeti vyao ni vya kielektroniki tu tangu 2022, ya wiki moja yuro 16, unaandika namba ya gari na nchi lilikosajiliwa. Italia unachukua tikiti unapoingia barabara kuu na kulipa unapotoka, kulingana na umbali. Nilinunua vya Austria na Slovenia kwenye tovuti za mashirika ya barabara yenyewe, kwa sababu zipo tovuti nyingine zinazouza kitu hichohicho kwa bei ya juu.

Kwenye buti: pembetatu ya tahadhari, sanduku la huduma ya kwanza na vizibao vinavyong'aa, kimoja kwa kila mtu. Mama akaongeza miswala, kanga nne, chupa mbili za chai na sufuria. Nilijaribu kumwambia nyumba tutakazofikia zina sufuria. Akasema, “Mwanangu, sufuria ya watu huijui ilipikiwa nini.” Sufuria ikaingia.

Jumatatu: Munich hadi Villach

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, saa kumi na moja, watoto wakiwa bado na nguo za kulalia. Salzburg tuliipita bila kusimama. Najua ni mji mzuri, lakini kutoka kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu, tutakwenda siku yoyote ya baridi.

Baada ya hapo barabara ya A10 inaingia kati ya milima, na ngome ya Hohenwerfen inajitokeza juu ya mwamba upande mmoja. Ilianza kujengwa karne ya 11. Mama alikuwa amekaa mbele, na hapo ndipo aliponyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Handaki la Tauern lina zaidi ya kilomita 6, na sehemu hii hailipiwi na vinyeti. Unalipia kivyake, na mwenye kadi anapita haraka. Katikati ya handaki Mama aliuliza taratibu tumebakiza kiasi gani. Binti yetu akamsomea kila kibao cha mita mpaka mwanga ukaonekana.

Villach tulifika mapema, watoto wakaogelea ziwani, sisi wakubwa tukalala. Sina zaidi la kusema juu ya siku hii, na ndivyo nilivyotaka iwe.

Jumanne: Villach hadi Bled

Kati ya Austria na Slovenia kuna mlima mrefu wa Karawanken na handaki la karibu kilomita 8, lililofunguliwa 1991. Siku za foleni huwa wanaruhusu magari kwa mafungu, unasubiri jua likiwaka. Njia ya juu ipo, ya Wurzen, lakini ina mteremko wa asilimia 18 na breki zetu nisingezitesa. Jumanne asubuhi hakukuwa na mtu. Tulilipia handaki, tukapita, tukaibukia Slovenia.

Bled ni ziwa dogo lenye kisiwa katikati, na kisiwani kuna kanisa. Unakwenda kwa pletna, mashua ya mbao yenye paa la turubai, mpiga makasia amesimama nyuma na makasia mawili. Mama aliikagua mashua kama mtu aliyekulia Pangani, akauliza (nami nikatafsiri) mbao zake ni za mti gani na hudumu miaka mingapi. Mpiga makasia alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alijibu yote, akamwonyesha mahali paliporekebishwa.

Kutoka gatini hadi kanisani kuna ngazi 99 za mawe. Desturi ya pale bwana harusi humbeba bibi harusi ngazi zote. Mama alizitazama, akakaa kwenye benchi chini ya mti, akamwambia mkwewe, “Baba, panda na watoto. Mimi nimeshaolewa.” Tulikaa wawili tukinywa chai yetu huku kengele ikilia juu, maana kila mgeni huruhusiwa kuivuta na kuomba jambo lake. Nusu saa ile kwenye benchi ingefutika kabisa kama tungekuwa na miji mitatu ya kumaliza kabla ya jua kuzama.

Jumatano: njia ya wafungwa

Siku hii ndiyo niliyoihofia wakati wa kupanga. Kutoka Kranjska Gora kwenda bonde la mto Soča kuna njia ya Vršič, mita 1,611 kutoka usawa wa bahari, yenye kona kali 50. Kila kona ina kibao chenye namba yake na kimo, na upande wa kaskazini kona zenyewe zimetandikwa mawe. Nilimwandalia Mama tangawizi na mfuko. Havikuhitajika. Kwenye kona ya tatu alisema, “Hii si ni Mombo kwenda Lushoto?” na kuanzia hapo akawa ndiye anayemtuliza mume wangu aliyeshika usukani.

Baada ya kona ya nane kuna kanisa dogo la mbao, jembamba. Tulisimama. Barabara ile ilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na wafungwa wa kivita Warusi, maelfu yao, ili jeshi la Austria na Hungaria lipeleke chakula na risasi kwenye uwanja wa mapigano wa Soča. Machi 1916 theluji iliporomoka kutoka mlimani ikawafunika mamia, wafungwa na walinzi wao. Waliobaki wakajenga kanisa lile kwa ajili ya wenzao.

Mama aliuliza kama majina yao yameandikwa. Nikatazama, sikuona orodha. Akainua mikono akaomba dua, amesimama barabarani na kanga yake mabegani, na waendesha baiskeli wawili waliokuwa wakipumzika pale wakavua helmeti zao.

Juu kabisa kulikuwa na kondoo na upepo wa baridi. Tulishuka upande wa pili mpaka Trenta na mto wenyewe ukaonekana. Nimeona bahari ya Pemba na nimeona ziwa la Bled, lakini rangi ya Soča ni ya kwake peke yake, kijani cha kioo, na mawe meupe chini. Watoto waliingia hadi magotini wakatoka wakipiga kelele, maji ni ya theluji.

Kobarid ni mji mdogo sana wenye makumbusho ya vita hivyo. Kando ya mto Soča palipiganwa mapigano 12 kati ya 1915 na 1917, na lile la mwisho, lililoanza tarehe 24 Oktoba 1917, liliwavunja Waitalia wakarudi nyuma hadi mto Piave. Vyumba vinapita kimoja baada ya kingine: picha, barua, vyombo vya kulia, milango ya jela yenye michoro ya askari. Juu ya mji kuna jengo la pembe nane la ngazi, lililozinduliwa 1938, lenye mabaki ya askari wa Italia zaidi ya 7,000. Majina yamechongwa kwenye mawe, moja chini ya jingine. Katika bonde la jirani, Log pod Mangartom, askari Waislamu kutoka Bosnia walijengewa hata msikiti vita vikiendelea. Msikiti haupo tena, makaburi yapo.

Mama alipita mbele ya yale mawe akigusa herufi kwa kidole. Kisha akanieleza habari ambayo katika maisha yangu yote sikuwahi kuisikia. Vita hivihivi vilifika kwetu. Novemba 1914 Waingereza walishusha majeshi kutoka India pale Tanga, wakashindwa na kurudi baharini, na baada ya hapo miaka minne nchi nzima ilikanyagwa. Kila upande ulichukua wapagazi kwa nguvu. Kaka wa babu yake Mama alichukuliwa shambani, akiwa kijana ambaye hajaoa. Hakurudi. Nyumbani hawakujua ni Wajerumani waliomchukua au Waingereza, wala alizikwa wapi, kama alizikwa.

“Hawa wameandikwa,” alisema Mama. “Wa kwetu nani kamwandika?”

Nilimweleza ninachokijua: mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu zaidi ya laki moja, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa jina popote, na ikaomba radhi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jina la kaka wa babu yake nalijua? Silijui. Yeye pia hakuwa na uhakika nalo.

Usiku ule alipika wali kwenye sufuria yake na hakula sana.

Alhamisi: Kobarid hadi Ljubljana

Mvua. Tulifua nguo, tukatembea kidogo kando ya mto Ljubljanica kwenye Madaraja Matatu yaliyokamilishwa na mbunifu Jože Plečnik, tukala, tukalala mapema.

Ijumaa: Ljubljana hadi Trieste

Niliipanga Ljubljana iangukie Ijumaa kwa makusudi. Waislamu wa Slovenia waliomba ruhusa ya kujenga msikiti tangu miaka ya 1960, na jengo likafunguliwa Februari 2020. Fikiria, zaidi ya nusu karne. Mama alipoona lile kuba la buluu ndani, na mwanga unavyoingia kutoka pande zote, machozi yalimtoka. Wanawake wa Kibosnia walimpokea kama shangazi yao. Hakuna aliyeelewa lugha ya mwenzake zaidi ya salamu, lakini tulitoka pale na mfuko wa baklava.

Mchana tukashika barabara ya kusini-magharibi mpaka Nova Gorica. Mji huu na Gorizia ya Italia umegawanywa na mpaka uliochorwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mbele ya kituo cha zamani cha reli kuna uwanja, na uzio uliokuwa unapita katikati yake uliondolewa 2004, Slovenia ilipoingia Umoja wa Ulaya. Leo kuna alama tu chini, sakafuni. Watoto waliruka Italia, Slovenia, Italia, Slovenia, mpaka wakachoka. Mama aliweka mguu mmoja huku na mmoja kule akataka picha apeleke kwa majirani zake wa Ngamiani.

Kisha, kilomita chache mbele, polisi wa Italia wakatusimamisha. Magari mawili yaliyotutangulia yalipitishwa kwa mkono, letu likawekwa pembeni. Nilitoa mkoba wa miguuni, pasipoti zote kwa pamoja, viza ya Mama imefunguliwa ukurasa wake. Kijana aliisoma, akahesabu siku kwa kidole, akamwambia Mama “buon viaggio, signora,” safari njema, mama. Dakika tano. Ninaandika hili kwa uzito kwa ajili ya yeyote mwenye mzazi mgeni: uwanja ule usio na uzio na ukaguzi ule wa barabarani ni mpaka mmoja, na siku hiyohiyo utakutana na vyote viwili.

Jumamosi: Trieste, gari limelala

Trieste ilikuwa bandari kuu ya dola ya Austria, bandari huru tangu 1719, na mpaka leo kahawa nyingi ya Italia inashukia hapa. Uwanja wake mkubwa, Piazza Unità d'Italia, upande mmoja ni bahari tupu. Mama alikaa pale asubuhi nzima. Kahawa ya hapa ukiagiza “nero” unaletewa kikombe kidogo, nyeusi, chungu, na glasi ya maji. Alikunywa akasema sasa amepata watu wanaojua kahawa. Kilichokosekana ni kashata tu.

Jioni tulikwenda Miramare, kasri jeupe juu ya mwamba alilojijengea Maximilian wa Austria, ambaye baadaye alikwenda kuwa mfalme wa Mexico na akapigwa risasi huko 1867. Jirani na bustani zake kuna kituo cha fizikia alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam 1964, ambako wanasayansi wengi wa Afrika wamepita kusoma. Binti yetu, anayependa hesabu, alisimama getini muda mrefu akitaka kujua masharti ya kuingia.

Jumapili: Venice

Gari tuliliacha Mestre, upande wa bara. Tangu 2024 Venice inawatoza wageni wa kutwa siku fulani kati ya Aprili na Julai, ndiyo maana tuliisogeza Agosti. Na nilikuwa nimeshaamua kwamba Mama hatapanda madaraja. Venice ina madaraja mamia na karibu yote ni ya ngazi. Tulinunua tikiti za vivuko za kutwa, yuro 25 kila mtu mzima, tukapanda namba 1, ile ya polepole inayosimama kila kituo kwenye Mfereji Mkuu. Majumba yote yanapita mbele yako ukiwa umekaa. Tulikwenda mpaka San Marco, tukasimama kwenye uwanja kwa muda mfupi kwa sababu ya joto na umati, tukapanda kingine kwenda kisiwa cha Murano.

Murano ndilo jambo kubwa la siku. Mwaka 1291 Venice iliwahamishia huko watengeneza vioo wake, ikihofia moto wa tanuri zao. Shanga zilizoundwa na mafundi wa Venice na Murano ndizo zilizojaa maghala ya Zanzibar katika karne ya 19. Misafara ilizibeba hadi Tabora na Ujiji kama fedha, na mpagazi au mtawala wa njiani alikataa rangi isiyopendwa kwake. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alikwama na mzigo mzima.

Tulitazama mwanamke mmoja akiviringisha kioo chekundu kwenye moto, ushanga mmoja kwa wakati. Mama alisema bibi yake alikuwa na shanga nyekundu zenye moyo mweupe, alizirithi kwa mama yake, na hazikuwa za kuonyeshwa watu. Akacheka, akanitazama, akabadilisha mazungumzo kwa sababu mkwewe alikuwa karibu. Kwenye kabati la kioo dukani kulikuwa na kamba ya shanga kuukuu za biashara. Nyekundu, moyo mweupe. Mama aliinama akaziangalia mpaka mwenye duka akazitoa na kumwekea mkononi bila kuuliza kama ananunua. Bei ilikuwa nje ya uwezo wetu. Alizishika, akazigeuza, akamrudishia kwa mikono miwili.

Jumatatu: Venice hadi Bressanone

Siku ya barabara. Tikiti Mestre, kulipa Bressanone. Ukikaribia Bolzano vibao vyote vina Kiitalia na Kijerumani, maana eneo hili lilikuwa la Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Milima ya Dolomiti jioni iligeuka rangi ya waridi, na Mama aliiona akiwa kitandani, kupitia dirishani, miguu juu ya mto.

Jumanne: Brenner na nyumbani

Brenner ni mita 1,370 tu, miongoni mwa njia kuu za chini zaidi za kuvuka milima ya Alps, ndiyo maana malori mengi yanapita hapa. Daraja la Lueg upande wa Austria liko kwenye matengenezo tangu 2025 na siku nyingi ni njia moja tu kila upande. Jumanne, saa moja asubuhi, tulipita bila kusimama. Ushuru wa barabara hii, A13, nao uko nje ya vinyeti, mjipange. Mafuta tulijaza Austria kwa kuwa Italia ni ghali zaidi. Pale Kiefersfelden polisi wa Ujerumani walituangalia usoni, wakatupungia tupite.

Baada ya chakula cha mchana nyumbani Mama alimpigia simu dada yake mkubwa kule Pangani. Nilidhani ataanza na Venice. Alimwuliza jina la kaka wa babu yao aliyechukuliwa upagazi. Mama mkubwa alilijua, na alijua zaidi: kijiji alichochukuliwa, na mwenzake aliyechukuliwa naye siku ile ambaye ukoo wake bado upo palepale. Mama akaomba kalamu. Nilimpa daftari la safari, akaandika majina mawili kwenye ukurasa wa nyuma, akamwambia dada yake asikate simu, aendelee kuwataja wengine.